Sosholojia Isisubiri Chuo Kikuu

Hotuba hii niliitoa Morogoro mbele ya walimu wa masomo ya jamii na wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Wengi waliokosa nafasi ya kufika wameniomba maandishi, nami nayaweka hapa yote. Nimeacha tu picha zilizoonyeshwa ukutani.

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa shule, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi ambao ndio hasa mliotukusanya hapa: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo?

Mfikirieni mama mmoja mwenye genge la nyanya na vitunguu mtaani kwenu. Alikopa, marejesho yakamshinda, na asubuhi moja mkakuta genge limefungwa na mwenyewe hajulikani aliko. Watu wanasemaje? "Hana akili ya biashara huyo." "Hela ya mkopo alinunulia makochi." Sawa, huenda ni kweli. Lakini mwezi unaofuata anakimbia jirani yake. Halafu muuza chapati wa pale kona. Halafu mama wa vitenge. Je, wote wamepungukiwa akili kwa mpigo? Wote mtaa mmoja, wote mwaka mmoja, wote wanawake?

Hapo, wanangu, ndipo swali linapogeuka. Unaanza kuuliza ni nani anayekopesha, na kwa riba gani. Unauliza kwa nini marejesho ni ya kila wiki ilhali biashara ya nyanya ina wiki za faida na wiki za kuoza. Unauliza kwa nini benki haimfikii mama huyu, na kwa nini mkopo umeandikwa jina lake peke yake wakati waliokula ni nyumba nzima. Watanzania wameipa mikopo ya namna hii jina, wanaiita kausha damu. Balaa la mtu mmoja halipewi jina na nchi nzima.

Msomi wa Marekani, C. Wright Mills, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000, alisema, akikosa kazi mtu mmoja, mtazame huyo mtu: tabia yake, ujuzi wake, bidii yake. Lakini taifa likiwa na wafanyakazi milioni 50, na kati yao milioni 15 hawana kazi, jibu huwezi kulipata ndani ya mtu mmoja mmoja, hata ukiwahoji wote. Lazima uangalie namna jamii yenyewe ilivyopangwa. Kujua ni wakati gani umtazame mtu, na ni wakati gani utazame mpangilio uliomzunguka, ndiyo sosholojia. Mengine yote yanafuata.

Nimekuja kuwaambia kwamba ujuzi huo usisubiri chuo kikuu. Wengi wetu hapa neno sosholojia tulikutana nalo tukiwa na miaka ishirini na zaidi, kwenye fomu ya kuomba chuo, na wengine tuliijaza bila kujua ni kitu gani. Lakini ni wangapi wanaofika chuo? Yule anayeishia kidato cha nne, anayerudi kijijini akawa mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe wa kamati ya maji, mama wa watoto wanne, yeye haihitaji? Yeye ndiye anayeihitaji kuliko sisi! Nchini India, somo hili lipo kwenye darasa la 11 na la 12. Uingereza, kijana wa sekondari anaweza kulifanyia mtihani wake wa mwisho. Kwetu, kwa miaka mingi, mada zake zimetawanyika ndani ya masomo mengine: familia, jinsia, umaskini, utamaduni, utandawazi. Zimo, ila zinasomwa kwa kukariri. Mwanafunzi anaweza kukutajia sababu saba za umaskini asiweze kukueleza kwa nini nyumba ya tatu kutoka kwao wanalala na njaa.

Niseme jambo linalowagusa walimu moja kwa moja. Kwa miaka mingi binti akipata mimba shuleni alifukuzwa, na kesi ikaishia mwilini mwake: tabia zake, malezi ya mama yake, simu aliyonunuliwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi kwenye mfumo rasmi. Nalishukuru hilo kwa moyo wote. Lakini mlango kufunguliwa hakujibu swali la kwanza. Kwa nini shule hii mabinti wanakatishwa masomo kila mwaka, na ile ya ng'ambo ya mto hakuna? Je, ni tabia za mabinti wa huku na wa kule, au ni hosteli? Shule ya kata iko mbali, mtoto wa miaka kumi na tano anapangishiwa geto, hana mlinzi wala mlezi, mwisho wa mwezi mchele umekwisha na bodaboda ndiye anayempa lifti. Ongeza Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi wakati mvulana anasubiri 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Mwalimu, ukimpa mwanafunzi vitu hivi vitatu, umbali, geto na sheria, avipange mwenyewe na aone vinavyoshikana, utakuwa umefundisha zaidi ya ukurasa mzima wa madondoo ubaoni.

Sasa niwape kisa cha shule moja. Ni shule ya kata, na pale kijijini kuna mnada kila wiki. Utoro ulikuwa umekithiri, na dawa iliyotumika mnaijua: fimbo na barua kwa wazazi. Mwalimu mmoja wa Uraia akaomba jambo dogo. Aliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu madaftari ya mahudhurio ya muhula mzima, akafunika majina kwa vipande vya karatasi, akabakiza safu ya wavulana, safu ya wasichana, na tarehe. Akawaambia: hesabuni.

Walihesabu kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelala, kama tunavyohesabu magoli. Hawakumaliza hata ukurasa wa tatu, msichana mmoja akasema, "Mwalimu, hii ni siku ya mnada." Siku ya mnada safu ya wasichana ilijaa vijiti. Darasa likasema haraka kwamba wanakwenda kurandaranda mnadani. Mwalimu hakukubali wala hakukataa. Akawauliza: mtajuaje? Wakatunga maswali, wakayapitisha kwa mkuu wa shule, wakaenda kuwauliza wazazi na wenzao. Na waliyokuta hayakuwa kama walivyodhani. Wasichana wengi hawakuwa mnadani kabisa. Walikuwa nyumbani. Mama ndiye aliyekwenda mnadani kuuza, na mtoto mchanga aliachwa na dada yake. Na wavulana? Hao hawakuwa na siku maalumu. Vijiti vyao vilisongamana majuma ya kuvuna.

Je, utoro ulikwisha? La, haukwisha. Kikao cha wazazi kilifanyika, baadhi ya akina mama wakakubaliana kuachiana watoto kwa zamu, wengine wakasema hawamwamini mtu baki na mtoto wao. Utoro wa siku ya mnada ulipungua, wa mavuno ukabaki palepale. Lakini tazameni kilichotokea kwa wale watoto waliohesabu. Walianza na jibu mkononi, wakaenda kulipima, likawavunjikia, wakapata jingine lililo bora. Walimu wenzangu, kuna watu wazima wenye vyeo ambao hilo halijawahi kuwatokea!

Kazi waliyoifanya wale watoto ni kazi ileile ya W.E.B. Du Bois. Mwaka 1896 kijana huyu Mmarekani mweusi, msomi mwenye shahada ya udaktari, alipewa kazi ya kuchunguza maisha ya watu weusi wa Kata ya Saba katika mji wa Philadelphia. Wakubwa wa mji walikuwa tayari na maelezo yao: uhalifu na umaskini wa kata ile ni asili ya wakazi wake. Du Bois alihamia kwenye kata hiyohiyo pamoja na mkewe, akachukua karatasi zake za maswali, akapiga hodi nyumba kwa nyumba. Aliuliza kazi, kodi ya pango, elimu, idadi ya watu kwenye chumba, walikozaliwa. Alipochapisha matokeo mwaka 1899, palionekana milango ya ajira iliyofungwa kwa sababu ya rangi, na pango kubwa kwa vyumba vibovu. Mzee huyu alihamia Ghana mwaka 1961, akafariki Accra tarehe 27 Agosti 1963, na kaburi lake liko huko. Ni wetu pia.

Nasema ni wetu kwa sababu nasikia watu wakisema sosholojia ni elimu ya Wazungu. Jina, ndiyo, lilitungwa na Mfaransa, Auguste Comte, katika miaka ya 1830. Lakini karne nyingi kabla yake, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, alikwisha kuuliza kwa nini dola huinuka na kuanguka, akaeleza nguvu ya mshikamano wa watu wa kundi moja, aliouita asabiya, na jinsi anasa za mjini zinavyoudhoofisha. Huyo ni mtoto wa Afrika.

Na sisi wenyewe? Kuna mtu hapa hajawahi kuona watani msibani? Marehemu yuko ndani, watu wanalia, mara anaingia mtani na shuka la marehemu begani, anaigiza alivyokuwa akitembea, anadai hazikwi mtu hapa mpaka alipwe. Na wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Halafu mtani huyohuyo anashika jembe na kwenda kuchimba kaburi. Mnyamwezi na Mzaramo, Mngoni na Mhehe. Wazee hueleza kwamba utani wa makabila ulitokana na vita vya zamani vilivyoisha kwa mapatano, na misafara ya wapagazi iliyohitaji chakula na hifadhi njiani kuelekea pwani. Maadui wa jana wakapeana ruhusa ya kutukanana bila kugombana, na wajibu wa kuzikana. Nchi nyingi zingetamani kuwa na kitu kama hiki.

Mnajua nani alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuandika utani wa Tanganyika kwenye majarida ya kitaalamu? Mtaalamu wa ndege! Mwingereza aitwaye Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, milima ya Usambara. Miaka ya 1940 aliacha ndege zake kidogo, akauliza watu kuhusu watani zao, akachapisha. Namheshimu kwa hilo. Lakini najiuliza, na nawauliza nanyi: kama mtu aliyezoea kuchunguza ndege aliona hapa pana jambo la kuandikwa, inakuwaje mtoto wetu anayeuishi utani huo anamaliza kidato cha sita bila mtu kumwambia kwamba anachokiona msibani ni elimu?

Hapa Morogoro tuna jingine. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu yake na juu ya ardhi ya ukoo. Sasa darasani amekaa Mluguru, na kando yake Mchaga, ambaye kwao ukoo na kihamba, yaani shamba la ukoo, hupitia kwa baba. Kitabu kinasema baba ni kichwa cha familia. Wote wawili wanaandika, wote wanapata alama. Mwalimu akiuliza tu, "Kwenu shamba linarithiwaje, na nani ana neno la mwisho?", wale wawili watatazamana kwa mshangao. Huo mshangao ndiyo somo lenyewe. Kila mmoja anagundua kwamba alichodhani ni maumbile ni mpangilio, na mpangilio umewekwa na watu.

Wanafunzi wa sayansi nimewaona, PCB na PCM mmekaa nyuma. Na nyinyi wa michepuo ya sanaa, HGL na HKL, nawajua mnavyoitwa vilaza. Nataka wote mnisikilize. Mwaka 2014 Ebola ilienea Guinea, Liberia na Sierra Leone. Hadi inakwisha ilikuwa imeua watu zaidi ya 11,000. Madaktari walijua virusi, walijua maiti inaambukiza, wakaagiza wafu wazikwe haraka kwenye mifuko bila kuoshwa. Ilikuwa sahihi kibaiolojia. Na watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku, kwa sababu kumzika mzazi wako bila sala wala maosho ni kumtupa. Ilibidi watu wa sayansi ya jamii wakae na familia, mashehe, wachungaji na machifu, wasikilize ni kitu gani hasa hakiwezi kuachwa. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu wa maziko salama na yenye heshima: familia iwepo, dua isomwe, Mwislamu apate kufanyiwa tayamamu badala ya kuoshwa, jina liandikwe kaburini. Watu wakaanza kutoa taarifa za misiba. Daktari mtarajiwa wa PCB, utafika wapi bila elimu hii? Na wewe wa HGL, bado unaamini uliangukia kwenye mchepuo wa walioshindwa?

Nina onyo moja, na kwa walimu ni zito. Jamii tunayoichunguza ni watoto walioketi mbele yetu. Nilishuhudia mwalimu, mtu mwema kabisa, akifundisha aina za familia. Akasema, "Wanaolelewa na mzazi mmoja wanyooshe mikono." Darasa lilikuwa kimya. Mkono mmoja ukapanda nusu, ukashuka, na mwenye mkono akainamisha kichwa mpaka kipindi kilipokwisha. Tusifanye hivyo. Kamwe tusifanye hivyo. Ukitaka kujua aina za familia darasani, wape vikaratasi visivyo na majina, au waulize kuhusu mtaa kwa jumla. Yule mwalimu wa mahudhurio alifunika majina kabla ya mtoto yeyote kugusa daftari, na hiyo ni nusu ya kazi aliyoifanya. Omba ruhusa kabla ya kuuliza. Anayekataa aachwe. Siri za nyumba ya mtu zisigeuzwe mfano wa ubaoni, hata kama ni mfano mzuri kiasi gani.

Basi tuanzie wapi? Walimu mtaniambia: mtaala umejaa, vipindi havitoshi, mtihani unakuja. Nayajua, nimesimama ubaoni kama nyinyi. Siombi kipindi kipya leo. Naomba mada zilizopo zifundishwe kwa kuuliza. Historia ya Tanzania na Maadili imeingia kwenye mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024, na inafundishwa kwa Kiswahili: ni mahali pazuri pa kuwatuma vijana kwa mabibi na mababu zao wakaulize kuhusu utani, mahari, jando na unyago, mirathi. Jiografia ina mada ya utafiti. Badala ya kukariri hatua za utafiti, zifuatwe. Masomo ya lazima ya kidato cha tano na sita nayo yana nafasi ya kutosha. Kwa masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, waacheni wahoji na kujadiliana kwa lugha waliyoulizia maswali, kisha ripoti ije kwa Kiingereza. Mawazo yakishakomaa, lugha ya mtihani itayabeba.

Na takwimu tunazo. Sensa ya Agosti 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa idadi hadi ngazi ya kata. Vile vishikwambi vya makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu. Tafuteni kata yenu. Wanawake wangapi, wanaume wangapi, kaya zina watu wangapi kwa wastani? Linganisheni na kata ya jirani, halafu ulizeni kwa nini zinatofautiana. Kipindi hicho hakihitaji maabara wala kemikali, wala mchango wa wazazi.

Kwa wenye mamlaka ya mitaala, ombi langu ni la muda mrefu zaidi: sosholojia ipewe nafasi yake kama somo katika kidato cha tano na sita, na vyuo vya ualimu viandae wa kulifundisha. Vyuo vikuu vyetu vinatoa wahitimu wa fani hii kila mwaka, na wengi wao wanahangaika kutafuta kazi huku sekondari zetu zikiwa hazina mtu wa kuongoza hata utafiti mdogo wa kijijini. Hilo nalo, mkilitazama vizuri, ni suala la jamii.

Mchana huu kila shule itakaa meza moja, wanafunzi na walimu wao pamoja. Mtachagua jambo moja linalowakera shuleni au mtaani kwenu, na mtaandika maswali matatu mtakayokwenda kuwauliza watu wiki ijayo, pamoja na namna mtakavyolinda majina yao. Sitaki majibu leo. Atakayeleta majibu leo nitamrudishia karatasi. Kabla ya chakula tuna muda wa maswali, na ninaomba wanafunzi watangulie. Dada yangu wa kidato cha tano pale mstari wa pili umenyoosha mkono tangu nilipotaja mjomba. Karibu, simama, tukusikie.